Vuta kwa Hasira

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, ewe waya nyekundu, na hapo tusibishane. Upepo wa Isiolo ulikuwa umeinua vumbi likawa ukuta, ukuta ukawa ngumi, ngumi ikatupiga usoni bila kuuliza kabila wala dini. Na mimi Mawira, fundi umeme wa malori, nilisimama katikati ya kipigo hicho nikicheka.

Ndege ilikuwa ya Kaari, binti wa mama mdogo, dada yangu wa kuchokozana tangu utotoni. Aliiunda mwenyewe nyuma ya stoo ya miraa: mbavu za mbao, ngozi ya bati jepesi, na ndani yake wewe, waya, ukipita kama mshipa unaotafuta moyo. Mimi aliniita nikufunge. Siku hiyo injini ingewashwa kwa nguvu zote, ndege ikiwa imefungwa kamba. Ikistahimili, kesho yake Kaari angeruka, yeye peke yake, juu ya miiba yote ya njia ya Kipsing.

Alikuwa na sheria moja. Kila kiungo cha waya kivutwe kupimwa, na avute mtu aliye na kinyongo na fundi. Rafiki, alisema, huvuta kama anayeamsha mtoto. Mwenye kinyongo huvuta kama anayeng'oa jino. Basi akamwita Mama Khadijo, tajiri wa malori, ambaye juzi tu nilikuwa nimemwambia mbele ya soko zima kwamba malori yake yanakohoa kama mbuzi aliyemeza gunia.

Vuta, mama, vuta kwa hasira. Na alivuta, jamani. Alikikaba kila kiungo, akakipinda, akakinyonga, akiniangalia mimi badala ya waya. Vikashika. Koleo maalumu la kubania lina taya zisizosamehe. Lilikuwa limefanya shaba iume shaba hadi ndani, na kilichoumana hivyo hakiachani kwa matusi.

Ukabaki wewe. Wewe wa pampu ya mafuta, uliyejibanza kwenye kona ambayo koleo lile halikufika. Nikakubana kwa koleo la kawaida, lile la lori. Ulikaa vizuri machoni. Machoni tu.

Mama Khadijo akanyoosha mkono, na mdomo wangu huu, ambao umeshapigwa mara nyingi na bado haujasoma, ukamwambia asiivunje ndege, maana ndiyo itakayomvutia malori yake hadi gereji. Akacheka. Alicheka mpaka mtandio ukateleza, na huku akicheka akakuvuta.

Mkono unaocheka hauvuti. Mkono unaocheka hubembeleza.

Tukafunga mkia kwenye lori lake. Kaari akapanda, akawasha.

Vuta, injini, vuta kwa hasira. Ndege ikatetemeka kama fahali aliyeona kisu. Kamba zikalia, mbao zikasaga meno, vumbi likachanika vipande. Na wewe ukachomoka. Ukachapa huku, ukachapa kule, nyoka aliyekatwa mkia, ukauma bati, ukatema cheche kwenye mvuke wa petroli.

Moto haukubisha hodi. Ulimrukia Kaari mkononi, ukapanda shati, ukaitafuta shingo.

Mama Khadijo alikata mkanda wa kiti kwa kisu cha kukatia kamba. Nilimshika dada yangu kwapani, nikamng'oa, nikamtupa mchangani, tukampiga. Tulimpiga kwa gunia, kwa mtandio, kwa viganja vitupu, tulimpiga kama wezi wanavyopigwa, mpaka moto ukakubali kufa. Injini, kwa kukosa mafuta, ikakohoa ikanyamaza. Wapakizi wa malori yake Mama Khadijo wakaifukia pua ya ndege kwa mchanga.

Kisha, badala ya kumshukuru Mungu, tukagombana. Nilimwambia Mama Khadijo kwamba ni yeye aliyevuta. Akasema ni mimi niliyemchekesha. Nikasema hakulazimishwa kucheka. Kaari alikaa kando ya gurudumu, mkono ndani ya ndoo ya maji, ngozi ikielea kama ganda la kitunguu.

Aibu hupenda kuongea. Nikamgeukia.

"Lakini Kaari, viungo vyote vimeshika. Ni kimoja tu kilichoachia."

Akatema mate meusi. Akainua ule mkono mzima, akagusa chini ya kidevu, pale moto ulipokomea.

"Na mimi nina shingo ngapi, Mawira?"