Kilichobaki Ukutani

Mama yangu ni dobi, na mtaa mzima unamwita Mama Povu. Ng'ambo ya kichochoro, mkabala na dirisha anapopigia pasi, upo ukuta wa stoo ya manispaa. Kaka yangu, aliyekuwa fundi wa kuandika mabango, alimwandikia hapo kwa rangi nzito ya mafuta, ya bluu: KWA MAMA POVU, KUFUA NA PASI. Nafasi ilimwishia, ile I ya mwisho akaibana mpaka ikakaa kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Chini yake akachora pasi inayocheka. Kinyozi, jirani yetu, alikuwa akisema pasi ile ina meno mengi kuliko mama mkwe wake.

Kaka alianguka kwenye ngazi akiandika bango la duka la dawa. Huu ni mwaka wa tatu tangu tumzike. Mama hajui kusoma, ila herufi zile anazijua moja moja. Kila asubuhi, kabla hajawasha mkaa, hulowesha kitambaa akazipangusa kama mtu anayempangusa mgonjwa uso.

Mwezi uliopita tuliamka tukakuta neno chini ya ile pasi, limepulizwa kwa rangi nyeusi ya kopo, na mshale unaoelekea mlangoni kwetu. Neno lilinihusu mimi. Siwezi kuliandika hapa. Mama aliniuliza ni nini, nikamwambia ni alama za mafundi wa maji. Kesho yake akalipangusa nalo. Alisema vumbi halichagui.

Wateja walikuwa wakilisoma, wakinitazama, halafu wakijifanya kuhesabu vifungo vya mashati yao. Kinyozi akanivuta pembeni.

"Dada, nenda manispaa ukaripoti. Mama yako hasomi, lakini masikio anayo. Iko siku mtu atamsomea."

Hilo ndilo lililonitoa ndani. Shule niliishia darasa la tano, na kila nikisimama mbele ya ofisi yenye dirisha la kioo, naona kama nimeitwa tena ubaoni.

Karani alikuwa mpole. Angekuwa mkali ningegeuka nikarudi zangu. Alichukua fomu akaijaza mwenyewe, akauliza ukuta upi, nikamwelekeza. Akauliza kumeandikwa nini. Nyuma yangu palikuwa na foleni ya wanaume. Nilitazama kalamu yake. Akasema basi, si lazima kulitaja, amezoea.

"Tufute yote?"

Njia nzima nilikuwa nimepanga la kusema: yapo ya juu na lipo la chini, ya juu yaachwe, ni ya kaka yangu. Nikaitikia kwa kichwa. Nikatia sahihi.

Kesho yake nilirudi nikayasema, kwa sauti ndogo mpaka akaniomba nirudie mara mbili. Fomu ilikuwa imeshapelekwa. Karani alinieleza bila ubaya kwamba ukuta ni wa manispaa na lile bango halikuwa na kibali. Miaka yote hiyo hakuna aliyelilalamikia, mpaka nilipokuja mimi.

Wafanyakazi wawili walifika Jumanne mchana, mama akiwa amepeleka mashuka nyumba ya wageni. Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, kwa hiyo waliikwangua kwanza kwa chuma. Kaka alikuwa amepaka tabaka juu ya tabaka. Rangi ilibanduka kwa vipande vipana kama magamba. Ile I iliyobanwa ilitoka nzima, ikaangukia mtaroni. Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu na sikusema nipeni. Ule weusi wa kopo ulikuwa umeshanywewa na saruji, chuma hakikuuweza. Wakasema chokaa itauziba. Wakapaka mkono mmoja tu wa chokaa, wakabeba ndoo yao wakaenda.

Mama alirudi akasimama na kapu kichwani, hakulitua. Aliuliza ni nani aliyewaita. Kinyozi aliinama akanoa wembe. Nikajibu kwamba manispaa wanapaka kuta zote. Kuta nyingine za kichochoro zilikuwa zimejaa maandishi toka juu hadi chini. Mama hakubisha.

Chokaa ilipokauka, neno likaanza kurudi, hafifu, rangi ya moshi. Asubuhi moja nilimkuta mama amepiga magoti mbele ya ukuta na kitambaa chake.

"Njoo uone," alisema. "Hawakummaliza kaka yako. Amebaki kidogo." Akapitisha kidole juu ya herufi ya kwanza. "Hii si ndiyo ile ya Mama?"

Nikasema ndiyo.

Tangu siku hiyo analipangusa pembeni tu, asije akalifuta. Wapita njia wakisimama kusoma, huwasalimia. Kinyozi siku hizi haniambii niende popote. Na juzi mama aliniomba jambo.

"Wewe umesoma, mwanangu. Lifuatishe, ulikoleze kabla halijapotea."

Kopo la kaka la rangi ya bluu bado liko chini ya kitanda. Nimelitikisa. Rangi haijakauka.