Salamu Haikuandikwa

Nikiri mapema, kabla hamjaambiwa na wengine: mdomo uliosema ulikuwa wangu. Ilikuwa Jumatatu, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, nje kidogo ya Tinde. Mtu akauliza Mama Noela anaendeleaje na ile nyonga aliyokwenda kubadilishiwa Mwanza. Nikajibu kwa utani wangu wa siku zote, "Karudi jana. Siku nne tu! Nadhani wamemruhusu aje kuwaaga kuku wake." Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, nikajitwika unga wangu, nikaenda zangu.

Utani ule ukapanda bodaboda, ukapanda basi, na ulipofika Ushirombo haukuwa utani tena.

Sasa sikilizeni yaliyompata Boaz.

Boaz, mumewe Lusia, yaani Baba Noela mwenyewe, alikuwa na hofu yake ya kumtosha, hakuhitaji ya kuongezewa. Kwake yeye matibabu yalipimwa kwa siku za kulala wodini. Jirani yake Amosi aliangukiwa na kifusi kwenye duara, shimo la dhahabu kule Geita, akalazwa wiki sita mguu ukivutwa kwa mawe, na leo anakimbiza ng'ombe. Hiyo ndiyo hospitali! Sasa mke wake amekatwa mfupa wa paja, kawekewa chuma, kesho yake anaambiwa asimame, siku ya nne anaambiwa aende nyumbani. Hata ng'ombe aliyechomwa sindano ya minyoo hupumzishwa zaidi ya hapo.

Siku ile ya ruhusa alimfuata daktari mpaka kwenye korido, kofia mkononi.

"Daktari, nilikuwa naomba. Niongezee siku kumi."

Daktari Eunice alikuwa binti mdogo kuliko Noela, mwenyeji wa huko Dodoma, anatembea kama anayewahi basi. Akasimama. "Siku kumi za nini, baba?"

"Za kupona."

"Hapa si gesti, mzee wangu." Akacheka, lakini alipomwona Boaz hacheki, akaacha. "Sikia. Zamani tuliwalaza wiki mbili, tatu. Wakapata damu kuganda miguuni, wakapata vidonda vya mgongo, wengine wakaondoka na magonjwa ambayo hawakuja nayo. Siku hizi tunamwamsha mapema. Kutembea ndiyo dawa. Mama yuko vizuri, namruhusu kwa sababu yuko vizuri."

"Kwa hiyo hamjamkatia tamaa?"

"Nani kakwambia hivyo?"

Hakuna aliyemwambia. Huko kwao jambo hilo haliambiwi mtu. Hospitali ikimtoa mgonjwa mapema na kumpa maneno mazuri, ndugu huanza kupasua kuni za msiba kimyakimya.

Daktari akampa karatasi, akaipitia naye mstari kwa mstari. Vidonge vya kuzuia damu isigande, kila siku. Nyuzi kutolewa, baada ya wiki mbili. Mto katikati ya miguu wakati wa kulala. Asikunje nne. Asikae kwenye kiti kifupi. Asiiname, asichuchumae, magoti yasizidi usawa wa nyonga. Wiki sita.

"Na choo? Chetu cha shimo."

"Tengenezeni kiti cha tundu, kirefu."

"Jembe?"

"Jembe! Baba, nimesema asiiname hata kuokota kijiko."

"Na akijisahau?"

Hapo daktari hakucheka. "Mfupa ule wa chuma umekaa kama kibuyu kwenye kata ya kichwani. Nyama bado hazijaushika. Akijisahau, unatoka. Ukitoka ni maumivu ambayo sitaki uyaone, ni kumrudisha hapa mbio, na mara ya pili huwa si kama ya kwanza. Mlinde wiki sita. Hilo tu."

Boaz akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Aliuliza kitanda, aliuliza kisima, aliuliza na lile jambo la mume na mke kwa kuzungukazunguka mpaka daktari mwenyewe akamsaidia kulitaja. Alidhani ameuliza yote.

Nyumbani alianza na vigoda. Nyumba ya Msukuma haikosi vigoda, na kigoda ni kifupi kama dhambi ndogo, unajikuta umeshakikalia. Akavikusanya vyote, cha jikoni, cha zizini, kile alichopewa Lusia na mama yake siku ya harusi, akavifungia ghalani na funguo akaivaa shingoni. Viti vya sebuleni vilikuwa vya kamba, vimelegea, navyo ghalani. Fundi Marselino akatengeneza kiti kimoja cha mninga, kirefu, chenye mikono. Kitanda kikapandishwa juu ya matofali.

"Baba Noela," Lusia akasema alipokikalia kiti kile mara ya kwanza, ile fremu ya kutembelea iko mbele yake, "umeniweka juu hivi, unataka niwahutubie?"

"Kaa hivyohivyo."

"Naona mpaka Mwadui. Hata almasi naziona."

"Mayu, mama yangu, usigeuke ghafla."

"Sijageuka, nimecheka."

"Basi cheka polepole."

Amosi alikuja kumwona, akakizunguka kiti. "Siku nne tu, shemeji? Mimi wiki sita! Nesi mpaka alikuwa ananiita kaka."

"Wewe walikuweka kwa sababu ulikuwa unakula vizuri," Lusia akasema. "Mimi nimefika, nimetengenezwa, nimeondoka. Gari bovu ndilo linalokaa gereji."

Boaz hakucheka. Siku ile alimwangalia mkewe kama mtu aliyepewa mayai ayavushe mto. Akiinuka, Boaz anainuka. Akipeleka mkono kwenye kikombe, Boaz amekwisha kukishika. Kila fremu ilipogonga sakafu alisikiliza kama kuna mlio mwingine chini ya ule. Mguu ulikuwa umevimba kidogo kifundoni. Daktari alisema utavimba kidogo. Lakini kidogo ni kiasi gani? Akaupima kwa kamba ya katani asubuhi, akafunga fundo. Akaupima mchana, akafunga fundo. Mafundo yalilingana. Hakuyaamini.

Jumatano asubuhi wakaja wanawake na kuni.

Walikuwa sita, mizigo kichwani, na wa mbele alikuwa Paskazia wa kwaya, sauti yake inasikika kabla ya sura. Alianza kulia tangu njia panda. Alipoingia uani, mikono iko kichwani, akamkuta marehemu juu ya kiti cha mninga anamenya viazi vitamu.

Kilio kikamkatikia kooni.

"Paskazia," Lusia akasema, "nani kafa?"

"Hakuna," Paskazia akasema. "Tumeleta kuni tu."

"Za nini?"

"Za kupikia."

"Mnapika nini?"

Paskazia akazitua kuni, akajifuta macho. "Viazi," akasema, akakaa chini akaanza kumenya.

Ikawa kichekesho, wakacheka mpaka wakaegemeana. Boaz akawa anauliza, mmoja mmoja, habari hizi mmezitoa wapi? Mashineni. Mashineni kwa nani? Wakanitazama mimi, maana nami nilikuwa nimefika pale kubeba maji. Nilisema ukweli. Boaz hakunigombeza, ingekuwa afadhali. Aliuliza tu, "Imefika mpaka wapi?"

Nikasema sijui. Paskazia ndiye aliyekuwa anajua. "Telesphori aliyepo stendi alipiga simu Ushirombo. Alisema Mzee Ngassa lazima aambiwe."

Mkono wa Boaz ukaenda mfukoni kwenye karatasi, kisha shingoni kwenye funguo.

Mzee Ngassa ni kaka mkubwa wa marehemu baba yake. Ndiye aliyemlea Boaz, na ng'ombe wa mahari ya Lusia walitoka zizini kwake kabla hajahamia Ushirombo na mifugo yake. Umri wake wenyewe hawaujui, wanasema tu alishakuwa mtu mzima Uhuru ulipokuja. Kwa Lusia ni baba mkwe. Kwa miaka thelathini na minane Lusia hajawahi kumsalimia akiwa amesimama. Akimwona njiani na ndoo ya maji kichwani, anatua ndoo, anapiga magoti vumbini, anasubiri mpaka aitikiwe, ndipo anainuka. Hata tope likiwa la namna gani.

Boaz akaitoa karatasi. Akaisoma yote, kidole kikifuata mistari. Kiti, kitanda, choo, mto, ngazi, gari. Salamu haikuandikwa. Daktari hakuitaja, maana angejuaje. Na yeye hakuiuliza, maana nani anauliza kama atapumua?

"Mama Noela," akasema, "akija mzee, umsalimie ukiwa umekaa."

Lusia akaacha kumenya. "Nikiwa nimekaa. Juu ya kiti. Yeye chini."

"Nitamweleza."

"Utamweleza lini? Kabla ya salamu?"

Hapo alikuwa na haki. Kwa watu wale maelezo hayatangulii salamu. Ukianza kueleza kabla hujasalimia, umeshatukana, na kinachofuata hakisikilizwi.

"Basi ukae ndani. Nitasema umelala."

"Katoka Ushirombo kuja kunizika, halafu nimelala?" Akacheka, lakini macho yake hayakuwemo kwenye kicheko kile. "Mimi nilikwenda Mwanza nikatiwa chuma ili nini, Baba Noela? Si ili nisimame mbele za watu?"

"Ili usimame. Si ili upige magoti."

Boaz akapanga namna yake. Atampokea mzee barabarani, watasalimiana huko wanaume wawili, kisha watembee taratibu huku anamweleza. Noela, mtoto wao, akapigiwa simu Ngokolo mjini kwamba aje na gari haraka, kwa lolote. Boaz akatoka mara tatu mpaka barabarani, akarudi mara tatu, maana kila alipofika kule alisikia moyoni fremu inagonga huku.

Mara ya tatu, saa tisa na kitu, alikuwa amerudi kumpa Lusia kidonge. Ndipo bodaboda ikakata kona na kuingia moja kwa moja mpaka uani.

Mzee Ngassa alishushwa kama kitu cha udongo. Kanzu, koti, rozari shingoni, blanketi jipya kifuani, lile la kufunikia maiti. Akasimama na fimbo yake. Akawatazama wanawake na kuni. Akamtazama Lusia, mzima, na ganda la kiazi kwenye ncha ya kisu. Alikuwa amesafiri na msiba wake mkononi, sasa hana pa kuutua.

Miguu ikaanza kumlegea.

"Kiti!" Paskazia akasema. "Mpeni mzee kiti!"

Hakukuwa na kiti. Vigoda ghalani, viti vya kamba ghalani. Boaz akaishika funguo, ikanasa kwenye kola ya shati, akaivuta, kamba haikatiki. Na wakati yeye anavutana na shingo yake, akasikia fremu inagonga. Lusia amekwishainuka. Alifanya kama walivyomfundisha, mguu mbovu mbele, mikono kwenye mikono ya kiti, mgongo wima. Alijivunia, ilionekana. Akapiga hatua tatu pembeni, akakiacha kiti cha mninga, na Paskazia, bila kufikiri, akamwelekeza mzee juu yake. Mzee akakaa. Miguu yake haikufika chini.

Lusia akabaki amesimama mbele yake, hana kiti nyuma.

"Lusia," Boaz akasema. "Lusia, usithubutu."

Hakumsikia, au alimsikia. Mikono ikashuka kutoka vishikio vya juu vya fremu, ikashika vyuma vya katikati. Kichwa kikainama. Goti la mguu mzima likaanza kukunjika, na lile jingine likawa linalifuata polepole, linatetemeka, na chini ya kitenge Boaz akaiona nyonga inakwenda nyuma, inakwenda pale pale walipokatazwa.

Akaruka. Hakumshika, aliogopa kumshika asije akampindua. Alichofanya hata yeye hakukipanga. Alijitupa chini katikati ya mkewe na mzee, magoti yote mawili vumbini, mikono imekutana kifuani, kama afanyavyo mwanamke.

"Mwadila, baba. Shikamoo. Namsalimia kwa ajili yake. Haya ni magoti yake, baba, ndiyo haya, yeye ya kwake yana amri ya daktari."

Wanawake wakaziba midomo. Mwanamume wa miaka sitini na sita, mwenye wajukuu, mbele ya watu! Mimi nilikuwa na ndoo mkononi, na mimi ndiye mwenye neno siku zote, neno la kuchekesha, neno la kupoza, na pale nililitafuta sikulipata.

Mzee Ngassa alikuwa anamtazama Boaz. Uso wake ulikuwa haujaamua. Akamtazama Lusia juu ya kichwa cha Boaz, kisha akamrudia Boaz, na blanketi likateleza kutoka magotini mwake likaanguka chini. Hakuna aliyeliokota.

Nyuma yake Boaz alisikia chuma cha fremu ya mkewe kinagonga ardhi ngumu, tik, tik, tik. Hakuwa amefika chini. Hakuwa amesimama. Alikuwa pale katikati, amejikunja nusu, anasubiri kama alivyosubiri miaka thelathini na minane, kwa sababu hajaitikiwa, na asiyeitikiwa hainuki.

"Itikia, baba," Boaz akasema. "Sema marahaba, ainuke. Neno moja tu. Nakuomba, baba, itikia."