Mbio za Waliotoa Damu

Nina hasira mpaka leo, na anayetaka nizimeze aje yeye anifunge mdomo.

Naanza na siku yenyewe. Ijumaa, saa tatu asubuhi, bwalo la chakula la kiwanda chetu cha sabuni. Meza zimesukumwa ukutani, vimetandazwa vitanda sita vya kukunja, na sisi vibarua wa kufungasha tumepanga foleni kutoa damu. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa wa nne, na ningekuwa wa kwanza kama wale watatu wa mbele wasingekuwa na viwiko. Binti yangu ana miaka minane. Alipokuwa na mitano aliugua mpaka viganja vikawa vyeupe kama sabuni tunazofungasha, akaongezwa chupa mbili za damu ya watu nisiowajua hata kwa sura. Tangu hapo nikisikia mahali wanachukua damu, nakwenda. Sihitaji kubembelezwa.

Sasa, Jumatatu iliyofuata kulikuwa kumepangwa mbio. Meneja wetu alikuwa ametangaza kwamba vibarua tutashindana kilomita tano, kuzunguka ukuta wa kiwanda mara nne, na watatu wa kwanza wataajiriwa moja kwa moja. Eti anataka wafanyakazi wenye afya. Miaka sita nimesimama kwenye mkanda ule wa kufungashia, vidole vimechubuka kwa magadi, na barua ya ajira nimeiona mikononi mwa wenzangu tu. Mwenye barua ana bima ya matibabu, yeye na mtoto wake. Kibarua akiuguliwa na mtoto, anajijua mwenyewe. Kwa hiyo mtu asije akaniambia zilikuwa mbio za kujifurahisha. Mimi nilikuwa nakimbilia bima ya mwanangu.

Na ningeshinda. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Kila asubuhi natoka nyumbani mbio mpaka getini, mwaka wa nne sasa, ndiyo maana kiwanda kizima kinaniita Chapuchapu. Jina langu halisi nadhani msimamizi wetu halijui.

Muuguzi aliyekuja kutuchukua damu alikuwa mama mfupi, mnene kiasi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Kila mtu aliyeinuka kitandani alimwambia neno moja: "Pumzika." Ukitaka kwenda kunywa maji, pumzika. Ukitaka kujikuna, pumzika. Saa nne haijafika tulikuwa tumeshambatiza Bi Pumzika, na alipolisikia jina alicheka, akasema hata mumewe anamwita hivyohivyo.

Wakati damu inashuka kwenye mfuko nilimuuliza, "Mama, Jumatatu nitaweza kukimbia?"

"Kukimbia kwa mazoezi au kushindana?"

"Mazoezi tu," nikasema. Uongo mtupu. Niliogopa angenitoa sindano palepale.

"Leo usifanye lolote zito. Mkono huu usibebe kitu. Kunywa maji mengi. Kesho tembea. Jumatatu unaweza kwenda polepole, ukisikia kizunguzungu unakaa chini papo hapo, hata kama ni barabarani. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Nikajipigia hesabu. Siku tatu zilinitosha. Hata nikipungua pumzi kidogo, nani angenikamata? Mpwa wa meneja? Yule kijana, kibarua kama sisi, alipoiona sindano alikimbilia chooni akajifungia mpaka foleni ikaisha. Mbio zake zote nilidhani amezimaliza siku ile.

Saa sita na nusu tumekaa bwaloni arobaini na mmoja, kila mtu na plasta yake mkononi, tunakunywa juisi na kutaniana nani alifumba macho. Kipaza sauti kikakoroma ukutani. Sauti ya meneja. Mwenyekiti wa bodi anasafiri kesho na angependa kuzishuhudia mbio. Kwa hiyo mbio ni leo, saa tisa alasiri. Kila mkimbiaji aje na kitambulisho. Asanteni kwa moyo wenu wa kujitolea.

Moyo wetu wa kujitolea! Damu iliyobaki mwilini ilinichemka yote. Shoga yangu wa mashine ya kukata alitua glasi yake taratibu, akaniangalia, akasema, "Chapuchapu, hawa watu wanatuchezea." Nikamwambia kucheza ni kucheza, mimi nakimbia. Nitapungukiwa pumzi mzunguko wa tatu, lakini nakimbia.

Nikainuka niende nikachukue kitambulisho changu. Asubuhi tulivikabidhi mezani kwa Bi Pumzika, msimamizi aje kunakili majina. Bila kitambulisho mlinzi hakuandiki kwenye mbio, na ni sheria ya meneja mwenyewe, maana mwaka jana, kwenye mbio za sherehe tu, mtu alimtuma shemeji yake akimbie badala yake, na shemeji akashinda.

Nafika mezani, namkuta Bi Pumzika ameshika rundo zima la vitambulisho. Amekitazama kipaza sauti, ametutazama sisi. Uso umebadilika kabisa. Mbele yake kuna sanduku la fomu na vichupa vya kupimia, lile linalofungwa kwa lakiri ya plastiki yenye namba na halifunguliwi mpaka lifike benki ya damu. Akatumbukiza vitambulisho vyote arobaini na moja ndani, akashusha kifuniko, akapitisha lakiri, akaivuta. Kach!

"Mama! Kitambulisho changu!"

"Utakipata kesho. Nitakileta mwenyewe."

"Kesho nitakifanyia nini? Mbio ni leo!"

"Ndiyo sababu."

Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, ana umri wa mama yangu. Nilimwambia yeye ana barua ya ajira, ana bima, anarudi kwake akapumzike vizuri. Nilimwambia mtoto wangu ndiye atakayelipia huruma yake. Akanishika bega, akasema, "Kaa, mwanangu."

"Mimi si mwanao!"

Akalibeba sanduku akatoka nalo uani kuelekea gari lao. Nilisimama kama sekunde mbili hivi. Halafu nikamfukuza. Ile ndiyo mbio niliyokimbia siku hiyo, na nitakueleza jinsi ilivyokwenda. Hatua kumi za kwanza, sawa. Hatua ishirini, masikio yakaanza kuvuma kama mashine ya kuchanganyia sabuni. Hatua thelathini, jasho la baridi mgongoni. Nikaliona gari, nikaliona sanduku, halafu nikaona magari mawili, na gari la damu siku hiyo lilikuwa moja tu. Nilianguka kifudifudi kwenye changarawe, mimi Chapuchapu, mbele ya watu, hata robo ya mzunguko sijafika.

Nilipopata fahamu nilikuwa chali, miguu imewekwa juu ya katoni ya sabuni, kidevu kinatoka damu. Bi Pumzika amepiga magoti, amenishika mshipa wa mkono na anaitazama saa yake.

"Nimekuuliza umekula nini," akasema. "Nimekuuliza dawa unazotumia, nimekuuliza usingizi. Sikuuliza mchana wanawafanyisha nini. Mjinga mimi."

"Nilikudanganya, mama," nikasema. "Yalikuwa mashindano."

"Basi tu wajinga wawili. Tulia, usiinuke."

Meneja akaja na viatu vyake vinavyong'aa, nyuma yake mwenyekiti wa bodi na kofia nyeupe. Bi Pumzika alisimama. Mfupi vile, lakini meneja alirudi nyuma hatua moja.

"Bwana mkubwa, watu arobaini na mmoja nimewatoa karibu nusu lita kila mmoja, hapa kwako, kwa mwaliko wako. Unataka wazunguke ukuta juani? Huyu amekimbia hatua thelathini, mwangalie!"

"Mbio ni hiari," meneja akasema. "Asiyejisikia vizuri asikimbie."

Hiari! Nilitaka kuinuka nimrukie, mkono wa Bi Pumzika ukanirudisha chini bila hata yeye kunitazama.

"Isitoshe," meneja akaendelea, sasa anamwelekea mgeni wake, "wako tisa ambao hawakutoa damu. Hao wana vitambulisho. Mbio zitaendelea na hao."

Tisa walioikimbia sindano, na watatu kati yao wapewe barua. Sisi tuliolala vitandani tukanyoosha mikono, tubaki na plasta. Nililia pale chini kwa hasira, machozi yananiingia masikioni, nikapiga kelele, "Mwanangu yuko hai kwa damu ya watu! Nimeilipa leo, na nyinyi mnanitoza mara ya pili!"

Shoga yangu ndiye aliyeanza. Alikwenda kwenye mstari wa kuanzia mbio, pale penye uchochoro kati ya ghala na ukuta, akiburuta katoni tupu kwa mkono usio na plasta. Akalala chali juu ya mstari wa chokaa, akapandisha miguu juu ya katoni.

"Muuguzi amesema tupumzike," akasema. "Mimi nasikia kizunguzungu."

Mwingine akaenda, akalala pembeni yake. Na mwingine. Hujawahi kuona kizunguzungu kinachoambukiza namna ile. Watu wazima, mama wa watoto, wababa wenye ndevu, wamelala safu kutoka ghalani hadi ukutani, miguu juu, soksi zilizotoboka zinaangalia mbinguni. Mimi nilibebwa nikalazwa katikati. Saa tisa ilitukuta bado palepale, na mpwa wa meneja alikuwa amesimama na viatu vipya vya mbio, anatafuta pa kupita, akamuuliza mjomba wake kwa sauti ndogo aturuke au afanyeje.

Bi Pumzika alipita kwa kila mmoja akipima mshipa. Kwa kila mmoja alikaa dakika nzima. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi polepole kwa bidii kiasi kile.

"Hili litachukua muda gani?" mwenyekiti wa bodi akauliza.

"Kupumzika? Leo yote," akasema Bi Pumzika. "Keshokutwa wataweza mazoezi mepesi. Lakini kumshindanisha mtu aliyetoa damu na ambaye hakutoa, tena kwa mkate wake, si haki mpaka damu yake ijirudishe. Mpe wiki sita. Nitaiandika na kutia sahihi, ukitaka."

Mwenyekiti alimtazama meneja, akatazama zile soksi, akasema, "Wiki sita, basi." Akaingia garini. Gari liliondoka kinyumenyume, maana mbele tulikuwa tumelala sisi.

Kesho yake Bi Pumzika alileta vitambulisho kama alivyosema. Changu alinipa mwisho. Sikumshukuru, bado nilikuwa na kisirani. Akaniambia hakuomba shukrani, aliomba nitembee tu siku ile nisikimbie, nile maharage na mboga za majani, ninywe maji. Nikamtii. Siku ya tatu nikajaribu kukimbia taratibu, na kile kimlima ninachokipanda siku zote huku naimba kikanifanya nisimame kushika kiuno. Hapo ndipo nilipoelewa ile Jumatatu ingekwendaje hata kama wangeiacha Jumatatu. Ilinichukua mpaka wiki ya nne kuimba tena kilimani.

Mbio zilifanyika. Nilitangulia tangu mzunguko wa pili na sikugeuka nyuma. Shoga yangu alikuwa wa tatu, akifika anatukana kila mtu kwa furaha. Mpwa wa meneja sijui alikuwa wa ngapi, sikumwona. Bi Pumzika aliomba ruhusa kazini akaja, akasimama kwenye mstari wa kumalizia na chupa ya maji, na safari hii nilimkumbatia mpaka miwani ikapinda.

Meneja alikuwa ameshika barua tatu. Alinyoosha mkono, akacheka kwa ajili ya wapiga picha.

"Hongera, Chapuchapu. Unaona? Kumbe uko imara kabisa. Tumepoteza wiki sita bure."

Nilikuwa nimejiapia kunyamaza siku hiyo. Mama yangu alikuwa amekuja, binti yangu alikuwa ameshika sketi yake, sikutaka mtoto anione nikigomba. Lakini hiyo bure ilinipanda kichwani.

"Siku ile mimi nilikuwa nimeshatoa, bosi," nikasema. "Wewe ulitoa nini?"

Watu wote wakamtazama. Akavuta mikono ya shati lake. Sikumsubiri. Nilichukua barua mkononi mwake, nikataka kuisoma, lakini jasho lilikuwa linaniingia machoni na herufi zinarukaruka. Nikampa shoga yangu.

"Nitafutie bima," nikamwambia. "Ya mtoto. Angalia kama wameiandika."

Akafunua karatasi, akapitisha kidole mstari kwa mstari, huku binti yangu amesimama kwa vidole vya miguu naye aone.

"Wameiandika," akasema. "Ukurasa wa pili."