Oili ya Kumkomoa Pantaleo

Maimuna alikuwa na mwaka wa kumi na moja akiuza oili za magari Gerezani, jirani kabisa na Kariakoo, na katika miaka hiyo yote hakumchukia mtu kama alivyomchukia fundi Pantaleo. Gereji ya Pantaleo ilikuwa ng'ambo ya mtaa, imetazamana na mlango wa duka lake. Walikuwa wakifungua saa moja, kila mmoja na ufunguo wake, bila salamu.

Chuki yao ilitokana na oili. Pantaleo alishikilia kwamba joto la Dar linataka oili nzito kwa kila gari, liwe la juzi au la enzi za babu. Maimuna aliwaambia wateja wafuate namba iliyomo kwenye kitabu cha gari. Injini za siku hizi zina njia nyembamba za oili. Ukiziwekea nzito, asubuhi unapowasha inachelewa kufika juu na vyuma vinasagana vikavu. Hapo alikuwa sahihi. Pantaleo hakuwahi kubishana naye kwa hoja. Alichofanya ni kuwatangazia wapita njia, "Yule mama anauza maji ya kunawa!"

Ijumaa moja Beno akaegesha pikapu yake mbele ya duka. Alikuwa mtu wa Lindi, anabeba mabelo ya mitumba kuyapeleka Mchikichini, na hiyo pikapu kuukuu ndiyo iliyomlisha yeye na mkewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nipe ile nzito, ishirini-hamsini. Fundi Pantaleo kaniambia nibadilishe leo."

Jina lile lilimkera. Hata hivyo alitoka, akafungua boneti, akavuta kijiti cha kupimia oili, akamwambia Beno akanyage mafuta kidogo. Moshi wa bluu ukatoka nyuma. Injini ilikuwa imechoka, vyuma vyake vimelegea. Injini ya namna hiyo hushikiliwa na oili nzito. Ukiiwekea nyepesi, ikishachemka inapenya kila mwanya na presha inashuka. Maimuna alilijua hilo kama anavyolijua jina lake.

"We Beno!" Pantaleo akapaza sauti toka gerejini. "Usikubali akuuzie maji yake! Huyo aulizwe vitenge, injini atuachie sisi!"

Wanywa kahawa waliokuwa kibarazani wakaangua kicheko. Mmoja akapiga makofi kabisa.

Maimuna akaingia ndani, masikio yakimwaka moto. Mkono wake ukalipita dumu la ishirini-hamsini, ukashika la tano-thelathini.

"Weka hii," akamwambia Beno kwa sauti ya kusikika ng'ambo. "Nyepesi ndiyo inayoipa injini umri. Yeye anataka ikufie ili uwe mteja wake wa kudumu."

"Una hakika, mama?"

"Nimekuuzia oili miaka mingapi?"

Beno akabadilisha palepale kando ya mtaa. Pantaleo alimtazama mpaka mwisho, kisha akatema mate chini.

Jumatatu pikapu ilirudi ikivutwa kwa kamba. Tangu Jumamosi taa nyekundu ya oili ilikuwa ikiwaka kila Beno aliposimama kwenye foleni. Siku hiyo, akiwa na mzigo, injini ikaanza kugonga pale Jangwani, ikazima. Pantaleo aliifungua, akavuka mtaa na beringi zilizosagika, akazimwaga juu ya kaunta.

"Haya, kula."

"Injini ilikuwa mbovu," Maimuna akasema. "Ingekufa tu."

"Mbovu ndiyo, ndiyo maana nikamwambia nzito. Ulivuta kijiti, nilikuona. Moshi uliuona. Mjinga ningemsamehe, Maimuna. Wewe si mjinga."

Beno alikuwa amesimama mlangoni, shati limelowa jasho. "Mama, ulikuwa unajua?"

Wanywa kahawa walishasogea. Uongo ulikuwa mdomoni, tayari kabisa, na pengine Beno angeuamini. Maimuna akaziangalia beringi.

"Nilijua," akasema. "Gari lako lilitaka nzito. Nilikupa nyepesi kwa sababu yeye ndiye aliyekwambia nzito."

"Kwa hiyo mimi nilikuwa fimbo tu ya kumchapia huyu?" Akamgeukia na Pantaleo. "Na wewe, mdomo wako! Ungeacha kumtukana mtu dukani kwake, leo ningekuwa kazini."

Akatoka, akawapita wanywa kahawa.

Maimuna aligharimia matengenezo yote. Beno hakushukuru. Kwa siku tisa alisukuma mkokoteni wa kuazima, na kila alipopita dukani aligeuza uso upande wa pili.

Siku ya kumi Pantaleo akaingia dukani bila kelele, kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

"Ishirini-hamsini. Lita nne."

Maimuna akaliweka dumu kaunta. "Hiyo ndiyo yake."

"Sijakuuliza."

Akiwa mlangoni, Maimuna aliwatazama Pantaleo na Beno wakimimina oili ng'ambo. Injini ikashika, ikatulia, na Beno akainama kuitazama dashibodi kwa muda mrefu. Kisha akaondoka bila kumpungia mkono yeyote kati yao. Pantaleo akajifuta mikono kwa kitambaa, akavuta kiti chake kilichozoea kutazama duka la Maimuna, akakigeuza kikatazama ukuta.