Ovaroli la Fundi

Ukimuuliza mtu swali mbele ya Fundi, Fundi ndiye atakayejibu. Ndivyo alivyo. Daktari wa kifua alimgeukia mke wa Fundi, akamuuliza, "Mama, ujanani ulifanya kazi gani?" Fundi akadakia, "Huyu? Kazi yake kunigombeza mimi!"

Mkewe akacheka, mara akashika ubavu. Kicheko hicho cha kukatika njiani ndicho kilichomnyima Fundi usingizi, naye alivyozidi kuogopa ndivyo alivyozidi kutania.

Walikuwa wamezungushwa vya kutosha. Eksirei ilionyesha maji pembeni mwa pafu. Yakavutwa kwa sindano, yakapimwa, yasiseme kitu. Picha ya mashine kubwa ikaonyesha utando unaofunika pafu umenenepa. Mwishowe wakapitisha kamera ndogo ubavuni, wakakata kipande cha utando wenyewe. Leo majibu yalikuwa mezani, na Fundi alitaka kusikia jambo moja tu, kwamba mke wake atapona.

"Ni saratani ya utando wa pafu," daktari alisema taratibu. "Mara nyingi hutokana na vumbi la asbesto. Ndiyo maana nauliza kazi."

"Basi mmekosea mtu!" Fundi akaruka. "Asbesto ni yangu mimi! Nimeifunga kwenye mabomba ya moto kiwandani, kuzuia joto, ujana wangu wote, tunarudi nyumbani tumekuwa weupe kama tumemwagiwa unga. Huyu hata geti la kiwanda halijui."

"Na ovaroli lako, mzee, alikuwa akilifua nani?"

Fundi akaitazama mikono ya mkewe.

Kila jioni mkewe alimpokea mlangoni, akamvua ovaroli, akalipigapiga ukutani, pu! pu! mpaka vumbi likatanda, ndipo alitie majini. Naye Fundi, jamani, alikuwa akitamba kwa wenzake kwamba kiwanda kizima hakuna ovaroli safi kama lake.

"Mama watoto," akasema, "kumbe ni mimi niliyekuletea."

"Unamwona, daktari? Kila kitu lazima kiwe chake. Hata ugonjwa wangu anataka kuniibia." Alisema hivyo huku machozi yanamtoka. "Haya, niambie. Nitapona?"

"Sitakudanganya, mama. Kupona kabisa ni vigumu. Lakini tutakutibu, maumivu tutayapunguza, na muda tutaupigania. Na wewe mzee, leo hii ukapigwe picha."

Kwenye chumba cha picha Fundi aliambiwa avue shati. Mkewe, kwa mazoea, akanyoosha mkono kulipokea. Fundi akalivuta kifuani.

"Aa, hili sikupi. Nalishika mwenyewe."

Akalikunja juu ya goti, mkono mmoja huku, kola kule.

"Ndiyo nini hiyo?" mkewe akauliza. "Umelikunja kama tambara la deki."

"Basi nifundishe," Fundi akasema, akilia waziwazi. "Nifundishe kukunja. Na kufua."