Mtu Hatari Mwenye Mkasi

Asubuhi ya kuachiwa kwake, Kola aliamka kabla ya kengele, akakunja blanketi pande nne kama linarudishwa dukani, akagawa urithi wake: nusu kipande cha sabuni kwa jirani wa kulia, kandambili kwa jirani wa kushoto. Miaka saba kamili. Alimvunja taya mwenye nyumba wake kwa pasi ya mkaa, na hakuwahi kudai kwamba alisingiziwa. Jaji alisema saba na kazi ngumu, naye akaimaliza yote saba katika karakana ya ushonaji ya gereza. Huko alishona kola za sare zilizokaa vizuri shingoni mwa kila askari, hata wote wakamwita Kola, na jina lake la kuzaliwa likabaki ndani ya faili peke yake.

Dada yake mkubwa alikuwa getini tangu alfajiri. Alishapitisha mfuko: suruali, shati jeupe, na viatu vya shemeji vilivyomzidi Kola namba moja. Kola alivaa vyote, akaingia ofisini akinukia nyumbani.

"Keti, mzee," alisema ofisa wa tathmini, kijana wa tai nyembamba aliyeletwa na sheria mpya. Sheria hiyo, kwa hekima yake kubwa, ilisema mtu hatari asiachiwe tarehe yake ikifika. Aendelee kutunzwa mpaka hatari imtoke. Chombo cha kuipimia hatari kilikuwa fomu ya kurasa tatu.

"Umepata alama thelathini na moja. Mwisho wa kutoka ni thelathini."

"Nyingi zimetoka wapi, afande?"

Ofisa alishuka na kalamu mstari kwa mstari. "Hukuhudhuria kozi ya kudhibiti hasira. Hapo alama sita."

"Mwalimu wake aliondoka mwaka juzi. Darasani mmeweka mifuko ya saruji."

"Fomu haiulizi mwalimu yuko wapi. Inauliza kama ulihudhuria."

"Nikakae na saruji?"

Askari wa mlangoni aligeuza kicheko kikawa kikohozi. Ofisa hakukohoa. "Tutakupima tena baada ya mwaka. Na tusikosane, mzee. Hii si adhabu. Adhabu yako imekwisha leo, tena umeimaliza vizuri. Hii ni tahadhari tu."

Kola alihisi damu ikimpanda masikioni, ile ile ya siku ya pasi. Akashika magoti yake kwa nguvu mpaka ikashuka. Fomu haikuwa na nafasi ya kuandika hilo.

Akapewa dakika mbili za kuongea na dada yake kwenye wavu.

"Mbona umevaa na hutoki?"

"Wamesema mimi ni hatari. Mwaka mmoja mwingine."

Dada alifuta uso kwa ncha ya mtandio, kwa hasira, kama anayefuta meza. "Miaka saba wanakupa mkasi, leo ndiyo wamekuogopa?"

"Dada, usilie."

"Nani analia? Sikiliza, mdogo wangu. Usimbembeleze mtu humo ndani. Na nguo hizo usizivue. Nimezipiga pasi mwenyewe."

Kola alirudi karakana na shati lake jeupe. Gwaride lilikuwa kesho kutwa, na koti jipya la mkuu wa gereza lilikuwa mezani, limekamilika kila kitu isipokuwa kola. Akavuta stuli, akakaa, akakunja mikono.

"Sare yako iko wapi?" nyapara aliuliza.

"Nilimaliza kifungo asubuhi."

"Na koti la Mkuu?"

"Zuri. Linahitaji fundi."

Cherehani zilipunguza mwendo moja moja, mpaka akasikika inzi. Habari ikafika ofisini, na haikupita nusu saa Mkuu akaja mwenyewe, kofia kichwani.

"Nasikia umegoma."

"Sijagoma, Mkuu. Hukumu ilisema miaka saba na kazi. Ofisa wako ameniambia hukumu imekwisha, na hii niliyo nayo sasa si adhabu. Basi na kazi imekwisha. Kilichobaki ni kukaa. Nakaa."

"Unajua wewe umeandikwa mtu hatari?"

"Najua. Jumatatu nilikupima shingo, mkasi mkononi, tuko wawili tu na mlango umefungwa. Ulikuwa unapiga mluzi."

Mtu mmoja nyuma aliangusha bobini ya uzi, akainama kuitafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mkuu alitoa karatasi ya makosa. "Kukataa kazi ni alama tano. Utaoza humu."

"Niongezee."

"Jaza hapa, utie saini."

Kola aliisoma yote, taratibu, kama mtu anayenunua kiwanja. Juu kabisa palikuwa na mstari: jina na namba ya mfungwa. Akaandika hapo, kwa herufi zilizonyooka: *Alimaliza leo asubuhi.* Akarudisha kalamu kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Mkuu alisoma. Akasoma tena. Akalitazama koti lake, akatazama kalenda ukutani.

"Nani mwingine humu anaweza kutia kola?"

Mafundi kumi na wanne, wengine wakiwa na miaka kumi kwenye cherehani, walitazamana, wakagundua wote kwa pamoja kwamba kola hawakuwahi kufundishwa.