Msala wa Kuku

Mwezi wa Desemba fundi wa nguo hana Noeli yake. Ana Noeli za wenzake. Tangu mvua zilipokolea, Esperance alikuwa ameshona gauni na mashati ya nusu ya watoto wa Cibitoke, mtaa wao wa Bujumbura, na sasa miguu yake ilikuwa imevimba kwa kukanyaga cherehani, maana umeme ulikuja ulipotaka na kuondoka bila kuaga. Wateja wa Kiriri, mtaa wa wenye fedha, walileta vitambaa vyao siku za mwisho, wakashusha kioo cha gari na kusema, "Ni kanguo kadogo tu, mama." Kanguo kadogo kalikuwa na marinda mengi kuliko mawimbi ya ziwa. Akakubali. Neno la kukataa lilikuwa likimkwama kooni kama mwiba wa mukeke, yule samaki wa ziwani.

Nyumbani kwake hakukuwa na kitu cha kununulia bonane. Kwa watu wa huku bonane si Mwaka Mpya tu, ni ile zawadi yenyewe. Mtu anakukuta njiani, anakunyooshea mkono huku akicheka, anasema: nipe bonane yangu. Anacheka, lakini mkono haurudi nyuma. Mumewe Jérémie na mwanawe Destin walikuwa Rumonge wakijenga nyumba za watu, na hata kurudi kwao kulitegemea kama gari lingepata mafuta.

Esperance aliliweka jambo hilo mbele za Mungu Jumapili moja, akiwa amechoka hata kupiga magoti, kwa hiyo aliomba ameketi. Aliporudi kwenye cherehani akaona jibu lilikuwa likimgusa magoti mwaka mzima: gunia la vipande vya vitenge chini ya meza.

Basi kila alipomaliza nguo ya mtu, alishona kitu chake. Dada yake Daphrose wa Gihosha, ambaye kila siku aliunguza vidole, alipata vishikio vya sufuria, ndani vimejazwa sweta kuukuu lililokatwakatwa. Jérémie alipata mfuko wa vifaa vyake, wa kitambaa cha suruali, wenye mfuko mdogo wa kuwekea penseli. Destin alipata kofia. Watoto wa jirani walishonewa mpira wa matambara, mgumu vya kutosha kuvunja kioo, Mungu apishe mbali. Na mama mkwe wake, Bibi Namegabe, aliyekuwa akiishi naye tangu walipotoka Uvira, upande wa Kongo, alipata mto wa kuegemezea mgongo.

Bibi Namegabe aliugeuza ule mto huku na huku.

"Mwaka uliopita ulinipa kitenge," alisema. "Mwaka huu unanipa vipande ya kitenge. Mwaka kesho nitapata uzi."

"Uzi nayo imepanda bei, Mama. Utapata sindano."

"Sindano ni muzuri. Nitachoma nayo wale wanaleta kitambaa leo na kusema wanavaa kesho." Akauweka mto mgongoni, akaegemea, akafumba macho. Hakusema kama ni mzuri, lakini hakuutoa tena. Kisha, macho yakiwa bado yamefumbwa, akauliza, "Na Mama Najla?"

Esperance alikanyaga cherehani, ingawa chini ya sindano hakukuwa na kitambaa.

Mama Najla ni Radhia, mke wa Amur, mwenye duka la vitambaa mtaa wa tatu kutoka pale. Esperance alipofika Bujumbura na cherehani la kukodi, ni Radhia aliyemletea nguo za kwanza za kushona, za binti yake Najla na zake mwenyewe. Ni Radhia aliyesimama kwenye mlango wa duka akiwaambia wanawake, "Mama Destin akikushonea, hata kinyongo chako kitakukaa vizuri." Wakawa marafiki wa kukaa pamoja bila kuongea, na hao si wengi.

Siku ya Idi Radhia aliwapelekea biriani kwenye sahani kubwa ya kauri, nyeupe, yenye mstari wa buluu ukingoni. Walikula wakalamba vidole. Esperance akaiosha sahani, akaiweka juu ya rafu, kwa sababu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Kwao ilikuwa hivyo, kwa Warundi ilikuwa hivyo, na kwa akina Radhia pia. Akangoja apate cha kutia. Sukari haikupatikana. Alifikiria kuku, kisha akakumbuka kwamba hakujua kuku wa sokoni amechinjwa na nani, Mwislamu au la, na kumpelekea Radhia kuku wa namna hiyo ni kumpa mzigo badala ya chakula. Wiki ikazaa wiki. Halafu siku moja ya mvua kubwa msumari wa rafu ukang'oka ukutani.

Tangu siku hiyo Esperance alikuwa akinunua uzi mbali, akizunguka ili asipite mbele ya lile duka. Radhia naye hakuleta nguo tena. Hakuna aliyegombana na mwenzake, na ndiyo maana hakukuwa na mtu wa kuwapatanisha.

"Namutengenezea kitu," Esperance alisema mwishowe. "Nitaenda mbele ya Noeli. Akinifukuza, basi nitajua."

"Hatakufukuza. Atakuuliza sahani."

"Ndiyo hiyo naogopa."

Alichokitengeneza kilimjia alipokumbuka msala wa Radhia, ule mkeka wa kuswalia aliokuwa akiutandika nyuma ya duka. Ulikuwa umelika mahali pa magoti na mahali pa paji la uso. Esperance aliyajua magoti yaliyolika. Akalimimina gunia lote sakafuni, akachagua vile vipande tu vilivyotoka katika duka la Radhia: kipande cha gauni la Najla la kumaliza shule, cha kitenge cha Radhia cha kijani, cha pazia la chumba cha wageni, cha shati ambalo Amur alisema limembana na kumbe ni tumbo. Aliviunganisha kimoja kimoja, mshono juu ya mshono, akipiga pasi ya makaa kila safu ilale. Mahali pa juu, pa paji la uso, aliweka kipande kizuri kuliko vyote, alichokuwa amekihifadhi kwa miaka: kuku mwekundu, mabawa wazi, na vifaranga viwili.

Alijiuliza kwanza kama picha inafaa. Lakini misala yote aliyowahi kuiona ilikuwa na picha, misikiti yenye minara na taa zinazoning'inia. Basi picha si kitu, akajiambia. Na kuku anayekusanya watoto chini ya mabawa, hata yeye mwenyewe angependa kuomba mbele yake.

Vipande vingine vyote akavilaza katikati, kulainisha mahali pa magoti, kwa hiyo kwa upande wa chini hakubakiwa na kitambaa. Akachukua gunia la unga wa ngano, lile la pamba, akalifua mara nyingi, akalianika. Maandishi ya kinu hayakutoka yote. Yalibaki kama kivuli. Akajifariji kwamba upande ule utalala chini daima, na hakuna atakayeuona.

Bibi Namegabe aliutazama msala ulipokamilika.

"Hii kuku iko na macho makali," alisema.

"Ni muzuri?"

"Ni muzuri sana. Inaniangalia kama vile nimekula yai yake."

Mkesha wa Noeli, baada ya mteja wa mwisho kuondoka, Esperance alinawa uso, akauzungushia msala kamba ya uzi mwekundu, akatoka. Njia ilikuwa tope. Miguu ilimwambia rudi, na moyo nao ulikuwa upande wa miguu. Aliomba neno moja tu: Bwana, nifikishe. Hakuomba lolote kuhusu kurudi.

Radhia alikuwa peke yake nyuma ya meza ya duka, akikunja vitenge. Aliinua macho. Akamtazama Esperance kwa muda, kisha akarudi kwenye kazi yake.

"Karibu, mukiliya," alisema.

Mukiliya ni mnunuzi, mtu yeyote anayeingia dukani na fedha zake. Radhia hakuwahi kumwita hivyo, hata siku ya kwanza. Esperance alihisi lile neno likimsukuma kurudi mlangoni. Kama asingekuwa amechoka kiasi kile pengine angetafuta maneno mazuri. Hakuwa na nguvu ya kuyatafuta.

"Sahani yako ilivunjika, Mama Najla," alisema. "Rafu ilianguka, wakati wa mvua. Nilikuwa nangojea nipate kitu ya kutia ndani. Nilingojea sana, ikavunjika. Halafu nikaona haya."

Mikono ya Radhia ilisimama juu ya kitambaa.

"Ilikuwa ya mama yangu," alisema. "Alitoka nayo Ujiji."

"Sikujua."

"Ungejua namna gani? Sikukuambia." Akakaa juu ya kiti kidogo. Alionekana kuwa naye amechoka. Chini ya macho yake palikuwa na weusi ambao Esperance hakuukumbuka. "Mi nilifikiri mulimwaga chakula."

"Chakula gani?"

"Biriani. Niliona sahani hairudi, na we unapita njia ingine. Nikasema, basi, huko kanisani wamemukataza kula kitu ya Idi. Pengine alimwaga, na sasa anaogopa kunidanganya. Amur akasema niache, kila mutu na dini yake. Nikaacha." Akanyoosha ukingo wa kitambaa. "Sikuacha. Niliumia."

Esperance alitaka kucheka na alitaka kulia, na vyote viwili vilihitaji nguvu.

"Mama Najla," alisema, "mama mukwe yangu alitafuna mpaka mifupa. Mutoto wa jirani alilamba sahani nikamupiga. Kama ni kumwaga, hata sisimizi hawakupata kitu."

Radhia akaweka mkono mdomoni. Mabega yake yakatikisika. "Mifupa?"

"Na meno yake ile matatu."

Wakacheka, kicheko cha chini cha watu waliokesha. Ndipo Esperance akauweka ule mzigo juu ya meza. "Si ya kulipa sahani. Ni bonane yako. Niliishona na mabaki ya duka yako mwenyewe."

Radhia alifungua kamba, akautandaza msala. Akagusa kipande cha gauni la Najla. Akagusa cha shati la Amur, akatabasamu. Kidole kikapanda juu taratibu mpaka kwa yule kuku, kikasimama. Uso wake ukabadilika kidogo, kama wa mtu aliyekanyaga kokoto na hataki ijulikane.

Adhana ya alasiri ikasikika kutoka mtaa wa chini.

"Ngoja," Radhia alisema. Akaenda kutawadha, akarudi na mtandio, akauchukua ule msala mpya, akaingia chumba cha nyuma. Mlango ulibaki wazi. Esperance alimwona akiutandaza, akiutazama, kisha akiugeuza chini juu.

Upande wa gunia ndio uliokuwa juu sasa, na yale maandishi ya kinu yalikuwa pale pale paji la uso lingewekwa. Wiki zote zile za kuunganisha rangi, na rangi zote zililala zimetazama saruji. Esperance akainamisha kichwa kati ya majora ya vitambaa, naye akaomba, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na macho yake.

Radhia alipomaliza hakuinuka mara moja. Alipapasa kile kitambaa cha gunia kwa kiganja.

"Ni laini," alisema. "Ulifua mara ngapi?"

"Nimekosea nini, Mama Najla?"

"Mbele ya uso wangu siweki kitu yenye macho wakati naswali. Musikiti si shida, hauna macho. Lakini kuku?" Akainua ukingo wa msala, akamchungulia yule ndege mwekundu. "Kuku anatotoa, na vifaranga yake, wote wananikazia macho. Nitasujudu ao nitamwaga mutama?"

Esperance akafunika uso kwa mikono. "Nitafumua. Nipe, nitafumua kesho."

"Kesho ni Noeli. Na ukigusa ile kuku, tutagombana kweli." Radhia akaukunja msala, kuku ndani, gunia nje. "Upande moja nitaswali. Nikimaliza, nageuza, nakaa juu yake, nakunywa chai na kuku wangu. Nani mwingine katika mutaa huu iko na msala ya namna mbili?"

Hakusema tena juu ya sahani ya mama yake. Esperance aliona kwamba lile lilikuwa bado pale, na lingekuwapo, kama mshono unaouhisi kwa kidole hata baada ya pasi. Lakini alipoaga, Radhia alisema, "Ngoja, Mama Destin," na jina hilo lilimpita Esperance mwilini kama maji ya moto katika beseni la miguu.

Radhia akatoka nyuma na bakuli lililojaa sambusa, limefunikwa kwa karatasi.

"Ya Noeli yenu. Bakuli ni plastiki," alisema. "Hii ikivunjika, nitajua ni makusudi."

Giza lilikuwa halijaingia Esperance alipofika nyumbani. Hakukuwa bado na habari za mumewe na mwanawe kutoka Rumonge. Aliweka bakuli mezani, akavua viatu, akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Bibi Namegabe aliondoa karatasi, akanusa, akachukua sambusa moja, akalitazama bakuli kwa mashaka.

"Sasa hii nayo," alisema, "tutairudisha na nini?"

Esperance alilitazama gunia la vipande chini ya meza. Lilikuwa limebaki tupu kabisa.

"Tukule kwanza, Mama," alisema.